Donda Ndugu: Kwa Nini Kidonda Hakiponi, na Namna ya Kukifunga

Na Karani wa Parokia, Dar es Salaam

Wazee waliolipa jina hilo walijua walisemalo. Ndugu hafukuzwi nyumbani, akija, hukaa. Basi kidonda kisichotaka kuondoka wakakiita donda ndugu. Huanza kama kijipele, au mchubuko wa kiatu, au mwiba wa shambani. Juma la kwanza mwenyewe hukicheka. Mwezi wa pili hukiona kama mgeni asiyeaga. Mwaka ukiisha, amekwisha kuzoea kulala na harufu yake, na watu wa nyumbani wamezoea kumtengea kiti chake peke yake karibu na mlango.

Ndugu wasomaji, wengi wenu huko vijijini mnao jamaa wa namna hii, au mnaye mmoja huku Dar es Salaam ambaye siku moja atashuka katika basi akichechemea. Nimeona jinsi jamaa hawa wanavyomaliza fedha zao kwa dawa za kupaka: leo ya mzizi, kesho ya unga, keshokutwa ya kopo lililoandikwa Kichina, na kidonda kikibaki vilevile. Sababu yake yafaa kuelezwa waziwazi. Kidonda kisichopona kina kitu kinachokizuia kisipone, na kitu hicho aghalabu hakipo juu ya kidonda. Kipo chini yake, au katika damu ya mtu, au katika kazi anayoifanya kila siku. Dawa ya kupaka haikifikii hata ikiwa nzuri namna gani.

NGOZI INAVYOJITENGENEZA

Ukijikata kwa kisu jikoni, damu hutoka, kisha huganda. Damu iliyoganda ndiyo kizibo cha kwanza. Baada ya hapo chembe nyeupe za damu huja kwa wingi kufanya usafi. Hula vijidudu, hula na nyama iliyokufa. Ndiyo maana siku mbili tatu za mwanzo mahali pale huwa na joto, pamevimba kidogo, tena panauma. Kisha nyama mpya huota kutoka chini. Ni nyekundu, ina vijipunje vijipunje, na ukiigusa hutoa damu mara moja kwa kuwa imejaa vijishipa vichanga. Mwisho ngozi hutambaa kutoka pembeni kwenda katikati, kama vile majani yanavyolifunika shamba lililoachwa. Kovu likisha kufanyika huendelea kukaza kwa miezi mingi, hata mwaka na zaidi, wala halipati kamwe nguvu yote ya ngozi ya kwanza. Likifika sehemu nane katika kumi, limejitahidi.

Donda ndugu ni kidonda kilichokwama katika ile kazi ya usafi. Wafagiaji wameingia, lakini hawatoki. Chembe nyeupe zaendelea kumwaga maji yao makali ya kumeng'enya uchafu, na maji hayo sasa yala hata nyama mpya inayojaribu kuota. Vijidudu navyo vimekwisha kujijengea utando, kama ule utelezi uuonao ndani ya mtungi usiosuguliwa muda mrefu, na dawa haipenyi humo kwa urahisi. Kingo za kidonda huwa nene, zimekunjika kwa ndani, wala ngozi haitambai tena. Kidonda kikifikisha majuma manne bila kupungua ukubwa wake, kihesabu kuwa kimekwama, usingoje mwezi wa pili. Wenye hekima walisema mdharau mwiba mguu huota tende.

KARIAKOO NA MIGUU YAKE

Kwa kuwa mimi naishi huku, nitaeleza habari za huku. Jina la Kariakoo lenyewe ni jina la miguu na mabega. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia Waingereza walichukua maelfu kwa maelfu ya Waafrika wawabebee vyakula na risasi, na kikosi hicho cha wapagazi kikaitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Waingereza waliingia Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916, na mahali walipokaa wapagazi wao watu wakapaita Kariakoo. Wapagazi wale walikufa kwa wingi wa kutisha, na waliouawa na maradhi walikuwa wengi kupita waliouawa na risasi. Funza peke yao waliwalemaza watu wengi, kwa sababu kidole kilichotobolewa na funza huwa kidonda.

Miaka zaidi ya mia imepita, na kazi ya kubeba haijakoma. Soko kubwa lililochorwa na msanifu wetu Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975. Mwezi wa Julai 2021 likaungua. Mizigo iliendelea kushuka katika mitaa inayolizunguka. Mwenye kupita Mtaa wa Kongo au Msimbazi asubuhi huona vijana wenye magunia ya vitunguu kichwani, wavuta mikokoteni wakipaza sauti wapishwe njia, mama lishe waliosimama tangu alfajiri mbele ya moto, na wamachinga ambao kiti chao ni ndoo iliyopinduliwa. Wengi wamevaa ndala zilizokwisha kisigino. Masika ikinyesha, maji ya mitaro na maji ya mvua huwa kitu kimoja, na wote hupita humohumo.

Mvuta mkokoteni mmoja, ambaye jina lake nitaliacha, alikuja ofisini kwetu kuomba barua. Ni mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye nguvu, hakuwahi kuugua kitandani. Jioni moja alipoingia nyumbani binti wa kaka yake akamwuliza, "Baba mdogo, mbona unaacha damu sakafuni?" Akainua mguu. Msumari ulikuwa umetoboa ndala na kuingia unyayoni, naye alikuwa ameuvuta mkokoteni juu yake tangu adhuhuri. "Sikusikia kitu," alisema. Majirani wakasifu ushujaa wake.

Haukuwa ushujaa. Ulikuwa ugonjwa wa kisukari, ambao hakujua kuwa anao.

Jamaa zake wa kijijini, waliposikia kuwa mguu umevimba, walikubaliana kwamba amekanyaga dawa iliyotegwa na mtu mwenye wivu wa kazi yake. Wakachanga fedha, wakamwita nyumbani. Akakaa huko majuma saba, akipakwa majivu na mizizi iliyotwangwa. Aliporudi Dar es Salaam vidole viwili vilikuwa vimekuwa vyeusi. Hospitali vikakatwa, pamoja na kipande cha unyayo, naye akabakiwa na mguu wa kutembelea. Wengi hawabaki nao. Mkokoteni umeuzwa, na yule binti aliyeiona damu anauza karanga badala ya kumaliza shule. Siwalaumu waliochanga fedha zile, kwa maana walizitoa kwa upendo, na wengine waliuza kuku wa kutagia. Lakini kama fedha zilezile zingempeleka kupimwa damu katika juma la kwanza, huenda angekuwa na vidole vyake vyote.

SUKARI INAVYOUA MGUU

Watu husema sukari "inaoza mguu". Si hivyo hasa. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka, hudhuru mishipa ya fahamu, na huanza na ile mirefu kupita yote, yaani inayofika vidoleni mwa miguu. Mwanzo mtu husikia ganzi, au kama sisimizi wanatembea, au moto usiku. Kisha hasikii chochote. Ile mishipa inayotoa jasho nayo hufa, ngozi ikakauka na kisigino kikapasuka magaga. Na magaga ni mlango wa vijidudu. Misuli midogo ya mguu hulegea, vidole vikajikunja, uzito wote ukaangukia mahali pamoja, na mahali hapo pakaota sugu. Sugu watu huidharau, kumbe kwa mguu usiosikia ni kama kokoto iliyoshonewa ndani ya kiatu. Kila hatua yaponda nyama iliyo chini yake, mpaka siku moja sugu inafunguka na chini yake kuna shimo.

Juu ya hayo, mishipa ya damu hupungua upana, chakula na hewa havifiki vizuri, na zile chembe nyeupe huwa zavivu. Basi mtu huyu amenyang'anywa mlinzi, mpishi na mfagiaji kwa pamoja.

Zamani tuliambiwa ni ugonjwa wa matajiri wa mjini. Profesa Donald McLarty, daktari kutoka Uskoti aliyefanya kazi miaka mingi Muhimbili, na wenzake walipima watu wazima katika vijiji vya Tanzania, wakatangaza mwaka 1989 kuwa wenye kisukari hawakufika hata mmoja katika mia. Mwaka 2012 uchunguzi wa nchi nzima, mjini na vijijini pamoja, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta kama tisa katika mia. Sasa hata kijijini kwenu mtu wa namna hiyo yumo, na huenda hajijui.

Dar es Salaam imejulikana duniani kwa jambo hili kwa sababu ya kazi ya madaktari wake. Dokta Zulfiqarali Abbas, aliyeshughulika na wagonjwa wa kisukari wa Muhimbili kwa miaka mingi, pamoja na wenzake waliandika habari za vidonda vya miguu ya watu wa mji huu, wakaonyesha kuwa wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa mno. Mwaka 2002 zikatangazwa hata Marekani habari za wagonjwa wa Dar es Salaam ambao ugonjwa huu uliwashika mikononi: mchubuko mdogo wa kidole, au kuumwa na mdudu, na kwa muda mfupi mkono mzima umevimba na kuoza. Mama anayeparua samaki au kukwangua nazi, kama ana kisukari, asidharau mkwaruzo wa kidole. Katika miaka ya mwanzo ya karne hii Dokta Abbas na wenzake wa hapa na wa nje walianzisha mafunzo yaliyoitwa Step by Step, ambayo daktari na muuguzi kutoka hospitali moja walifundishwa pamoja kutazama miguu, kukwangua sugu na kufunga vidonda, kisha wakarudi kwao kufundisha wengine.

Kuna kipimo kimoja kisichohitaji chombo wala fedha, ambacho madaktari wa Ipswich, Uingereza, walikieleza mwaka 2011, nanyi mwaweza kukifanya barazani jioni hii. Mgonjwa alale au akae, afumbe macho. Mguse kwa ncha ya kidole chako, polepole, kwa muda wa kuhesabu moja, mbili: ncha ya kidole gumba cha mguu, ya kidole cha katikati, na ya kidole cha mwisho, kisha mguu wa pili vivyo hivyo. Usibonyeze wala usitekenye. Kila anaposikia aseme. Mahali ni sita. Asiposikia mahali pawili au zaidi, miguu yake haina mlinzi, na lazima aonwe na daktari hata kama hana kidonda hata kimoja.

VIDONDA VYA NAMNA NYINGINE

Si kila donda ndugu ni la sukari. Kidonda kilicho juu kidogo ya kifundo, upande wa ndani, katika mguu uliovimba na ngozi iliyogeuka rangi, mara nyingi chatokana na damu isiyopanda vizuri kurudi moyoni. Huwapata wanaosimama mchana kutwa, nao mama lishe ni wengi katika hao. Dawa yake kubwa ni kuinua mguu juu kupita kiuno kila upatapo nafasi, na bandeji ya kukaza kuanzia vidoleni hadi chini ya goti. Lakini bandeji hiyo ifungwe na mtu aliyefundishwa, tena baada ya kupima damu ya mguu. Mguu wa baridi, usio na damu ya kutosha, ukikazwa utakufa.

Watoto na vijana wenye selimundu hupata vidonda karibu na vifundo. Wenye ukoma hupata vya nyayo. Yuko pia mdudu wa kidonda cha Buruli, kilichopewa jina la sehemu moja ya Uganda, anayekula ngozi pasipo maumivu makubwa. Mgonjwa wa kitandani asiyegeuzwa huchubuka mgongoni na nyongani. Na ndugu zetu wenye ualbino, kidonda kisichopona usoni au shingoni huenda kikawa saratani ya ngozi inayotokana na jua, kionyeshwe mapema. Hata donda ndugu la kawaida likikaa miaka mingi laweza kugeuka saratani: ukiona kingo zinaota na kuinuka kama koliflawa, usingoje.

NINI KIWEKWE JUU YAKE

Sasa tuje kwenye kufunga. Nimeyasema hayo ya kwanza makusudi, maana bandeji nzuri juu ya sababu mbaya ni kama kupiga chokaa ukuta uliooza kwa ndani.

Kwanza yaondolewe yasiyofaa. Kinyesi cha ng'ombe na udongo vyaweza kuleta pepopunda. Majivu, dawa ya meno, mafuta ya breki na maji ya betri, vyote nimesikia vikisifiwa, na vyote huunguza au kuchafua. Kufungua vidonge vya rangi mbili na kumwaga unga wake juu ya kidonda ni desturi ya mjini na kijijini. Unga ule hukauka ukawa gamba, vijidudu vikabaki chini vikijifunza kuizoea dawa. Kama daktari anaona dawa hiyo yahitajika, atasema imezwe, kwa siku atakazotaja.

Hata dawa kali za kuua vijidudu, kama spiriti na ile inayotoa povu jeupe, hazifai kumiminwa kila siku katika kidonda kilichofunguka. Vita ileile iliyowaleta wapagazi Kariakoo ndiyo iliyofundisha jambo hili. Alexander Fleming, aliyekuja kugundua penisilini mwaka 1928, alikuwa Boulogne, Ufaransa, akiwatazama askari waliojeruhiwa. Akaona kuwa dawa kali haifiki katika vipenyo vya kidonda walimojificha vijidudu, ila huziua zile chembe nyeupe zilizokuja kusaidia. Ukisikia povu linachemka, usidhani ni uchafu tu unaokufa.

Cha kuoshea ni maji safi yaliyochemshwa vizuri na kupozwa. Ukitaka ya chumvi, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa juu, katika nusu lita ya maji hayo. Yatumike siku hiyohiyo. Osha mikono kwa sabuni kabla na baada. Mimina maji yapite juu ya kidonda, usisugue nyama nyekundu. Nyama nyeusi au ya manjano iliyokufa iondolewe na muuguzi au daktari kwa kisu chake, wala si kwa wembe wa nyumbani.

Kisha swali ambalo watu hubishana sana: kiachwe wazi kipigwe na upepo, au kifunikwe? Bibi zetu walisema kipigwe na upepo kikauke. Hata hospitali zamani wengi waliamini hivyo. Mwaka 1962 mtaalamu mmoja wa Uingereza, George Winter, alifanya majaribio kwa nguruwe wadogo. Aliwachuna vidonda vidogo, vingine akaviacha hewani vikafanya gamba kavu, vingine akavifunika kwa karatasi nyembamba ya plastiki vikabaki na unyevu. Vilivyofunikwa vilifunga ngozi kwa haraka karibu mara mbili. Sababu yake ni ile niliyotaja juu: ngozi hutambaa mahali penye unyevu. Ikikutana na gamba kavu hulazimika kuchimba njia chini yake.

Lakini unyevu si kuloa. Kidonda kinachotoa maji mengi kisipofyonzwa, ngozi ya pembeni huwa nyeupe na kunyauka kama vidole vya dobi, kisha nayo huchubuka, kidonda kikapanuka. Basi anayefunga hujiuliza kila mara: kidonda hiki chahitaji kuongezewa maji au kupunguziwa? Kikavu huwekewa shashi iliyoloweshwa maji ya chumvi na kukamuliwa, au shashi yenye vaselini isiyoganda juu ya nyama. Kinachotiririka huwekewa kitu cha kufyonza. Hospitali kubwa zina sponji maalumu, na vitambaa vilivyotengenezwa kwa mwani, ambavyo vikikutana na maji ya kidonda hugeuka utelezi mororo na kutoka bila kurarua. (Si mwani wetu wa Paje na Jambiani, huo wa dawa ni wa namna nyingine, wa rangi ya kahawia.) Neno moja tu kwa vidole vilivyokwisha kufa, vikavu na vyeusi: hivyo visiloweshwe kamwe nyumbani, viachwe vikavu mpaka daktari avione.

Asali nayo ina sifa yake, na sifa hiyo ni ya kweli. Huvuta maji, ina uchachu vijidudu visioupenda, na hutoa dawa kidogo kidogo ya kuviua. Hospitali za nchi nyingi zaitumia. Lakini asali ya hospitali imepigwa miale ya kuua mbegu za vijidudu. Asali ya Tabora iuzwayo Kariakoo kwa chupa ni tamu sana kwa uji, ila nani ajuaye imechanganywa na nini kati ya mzinga na soko? Kadhalika sukari. Moses Murandu, mzaliwa wa Zimbabwe aliyekuwa mwalimu wa wauguzi katika Chuo Kikuu cha Wolverhampton, Uingereza, alikumbuka jinsi baba yake alivyomtibu majeraha ya utotoni kwa chumvi, na siku zenye fedha kwa sukari. Akaipima sukari hiyo kwa wagonjwa hospitalini, akakuta husafisha kidonda, na wala haikupandisha sukari ya damu ya wenye kisukari. Nafurahi kuwa hekima ya kijijini imepimwa na kukubaliwa. Hata hivyo Murandu aliitumia chini ya macho ya wauguzi, na gunia lililo wazi dukani lina sisimizi na vumbi, usikimbilie kulichota.

Kama zahanati ipo mbali na shashi imekwisha, kipande cha kanga kuukuu cha pamba kitafaa, kikifuliwa, kikichemshwa, kikaanikwa juani na kupigwa pasi ya moto. Pamba yenyewe isiwekwe juu ya nyama, kwa kuwa nyuzi zake hubaki humo. Kitambaa kikiganda, kiloweshe kwa maji mpaka kilegee. Ukikivuta kikavu wang'oa na ngozi ya majuma mawili. Tena usikifungue kidonda kila mgeni anapokuja kukitazama. Kibadilishwe kwa siku alizopanga muuguzi, au kikiloa na kuchafuka.

KUUPUMZISHA MGUU

Kwa kidonda cha unyayo, bandeji ni nusu ya kazi tu. Paul Brand, daktari Mwingereza aliyekwenda Vellore, India, mwaka 1946, aliwatazama wenye ukoma akang'amua kwamba vidole vyao haviozi vyenyewe. Walivipoteza kwa kushika sufuria za moto na kukanyaga misumari bila kusikia. Alipoifunga miguu yenye vidonda katika plasta ngumu, ile ambayo wengine huiita hogo, vidonda vilivyokaa miaka vikapona, pasipo dawa ya ajabu, kwa sababu uzito uliondoka mahali pamoja ukagawanyika mguu mzima. Mpaka leo plasta ya namna hiyo hutumika duniani kwa vidonda vya nyayo za wenye kisukari.

Hapa ndipo penye ugumu, nami sitaficha. Kumwambia mvuta mkokoteni asikanyage mguu kwa miezi miwili ni kumwambia watoto wasile. Bandeji watu huifunga kwa furaha, kupumzika hawawezi. Ndiyo sababu nasema jambo hili ni la jamaa nzima. Zile fedha za kuchanga, zichangwe kwa unga na kodi ya chumba katika miezi hiyo miwili. Gongo la kutembelea, ndugu wa kumshikia kazi, na kiatu kipana chenye soli ngumu na ndani laini, vitafanya kazi kupita makopo kumi ya dawa. Kabla ya kuvaa kiatu, tia mkono ndani utafute kokoto. Miguu isipashwe kwa moto wala kwa maji ambayo hujayapima kwa kiwiko. Kila jioni nyayo zitazamwe. Asiyeona vizuri atazamiwe na mtoto.

Watu wengi huogopa hospitali kwa kusema, "Ukienda Muhimbili utakatwa mguu." Wamemwona aliyekwenda na kurudi na gongo, hawakuuliza alikwenda lini. Wapelekeni siku hiyohiyo ukiona wekundu unapanda juu ya mguu, homa na kutetemeka, harufu mbaya ya ghafla, usaha mwingi, kidole kuwa cheusi, au mfupa kuonekana. Kumbukeni pia kuuliza habari za sindano ya pepopunda. Kwa vidonda vingine anzeni na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, mkaombe kupimwa sukari. Ni tone moja la damu ya kidole.

Limebaki jambo moja, ambalo kwa mgeni ni kama hadithi. Wazee husema panya huuma huku akipuliza, usisikie. Kwa mguu uliokwisha kufa ganzi hana haja hata ya kupuliza. Dokta Abbas na wenzake waliandika mwaka 2005 habari za wagonjwa wa kisukari wa hapa Tanzania waliotafunwa miguu na panya usiku wakiwa wamelala. Brand naye alipata shida hiyohiyo kwa wagonjwa wake wa India, akaweka amri kwamba anayerudi nyumbani apewe paka wa kwenda naye. Katika nyua za Kariakoo paka si wa kununua, wala kijijini hawakosekani. Mmoja apewe ruhusa ya kulala ndani. Mabaki ya chakula yasiachwe chumbani, miguu ioshwe harufu ya mboga na kufutwa hata katikati ya vidole, na chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote nne, kwa ajili ya mbu na kwa ajili ya panya.